Pilingi si mila: jibu kwa wanaosema bibi zetu nao walijichuna



Katika kikao chetu kilichopita, mzee mmoja ambaye chama kinamheshimu sana, na sisi pia tunamheshimu, alisimama akasema maneno ambayo mpaka leo hayajatushuka kooni. Tulikuwa tunazungumzia harusi za siku hizi. Mama mmoja alilalamika kwamba mabinti wanaingia kanisani na nyuso zilizochunika kama viazi vya kuchemsha. Mzee akamjibu: « Muwaache batoto. Bibi zetu nabo balikuwa banajichuna. Bibi-harusi alikuwa anafungiwa ndani, anasuguliwa mwezi muzima, anatoka anangaa. Leo ile kazi yote iko mu chupa moja. Njo mila ile ile, ni njia tu ilibadilika. » Watu wakapiga makofi, soda zikaletwa, kikao kikaisha.

Sisi hatukupiga makofi. Lakini hatukusema kitu pia, na kwa hilo tunajilaumu, maana tunafundisha biolojia na kemia tangu zaidi ya miaka kumi na tano, na kama kuko mtu katika chumba kile aliyepaswa kusimama, ni sisi. Kwa hiyo tunaandika. Mzee wetu atusamehe kama tunamjibu mbele ya watu. Yeye naye alisema mbele ya watu.

Kwanza tujue tunazungumzia kitu gani. Pilingi, kama wanavyoiita wauzaji wa soko la Mulongwe na wa Kalundu, ni mafuta au maji ya kuchuna ngozi. Mengi ni ya rangi ya njano, yamo katika chupa ndogo ya plastiki, na juu yake kuko picha ya msichana ambaye hajawahi kuona jua la Uvira. Mengine hayana hata karatasi: mama muuzaji anachanganya mwenyewe, losheni ya huku, tyubu ya kule, kidogo cha kile kichupa kikali, anakoroga, anakupa na maagizo ya mdomo. Huo ndio mkorogo ambao ng'ambo ya ziwa wanaujua kwa jina hilo hilo. Maagizo ni haya: upake usiku, usinawe, ivumilie ikikuchoma, siku ya tatu ngozi itaanza kutoka vipande vipande kama ganda la karanga mbichi, siku ya saba utakuwa mtu mwingine. Ahadi ya mwisho ni ya kweli.

Vijana wana mzaha wao: uso Fanta, vidole Coca. Kwa sababu vifundo vya vidole, viwiko na magoti havikubali. Hapo ngozi ni nene, inakunjwa kila siku, dawa haishiki sawasawa. Ndiyo maana utamwona mtu uso wake ni papai na mkono anaokupa kukusalimia ni wa mtu mwingine. Tunacheka. Lakini tukimaliza kucheka tujiulize kwa nini mtu mwenye akili timamu anakubali kuungua siku saba.

Sasa tuingie kwenye mila, maana mzee alituletea mila.

Ni kweli bibi-harusi alifungiwa. Sisi wenyewe tulimwona shangazi yetu akitoka, tulikuwa bado wadogo wa kubeba maji. Alikuwa amekaa ndani majuma mengi, hafanyi kazi ya shamba, hapigwi jua, anakula vizuri: samaki mbichi, ugali, maharage yenye mafuta. Kila jioni bibi alimpaka mawese. Watu wa mjini siku hizi wanasikia haya kumpaka mtu mawese, wanasema yananuka, yanachafua mashuka. Lakini mwambao huu wote, kutoka Uvira kushuka Makobola mpaka Baraka, mchikichi ndio duka letu la dawa la kwanza. Mawese ni ya kula na ya kupaka. Yale mengine yanayotoka katika kokwa ya ngazi, ambayo watu wa Kigoma wanayaita mafuta ya mise, yalikuwa ya nywele na ya watoto wachanga. Na kwa ndugu zetu wafugaji wa milimani na wa bonde la Ruzizi, kazi hiyo hiyo ilifanywa na samli ya ng'ombe. Shangazi alipotoka aling'aa, kweli. Lakini aling'aa akiwa mweusi! Aling'aa kama chungu kipya kilichopakwa mafuta. Hakuna mtu aliyesema « amekuwa mweupe ». Walisema amenona, ametulia, ngozi imelala. Neno lilikuwa hilo: ngozi imelala.

Na katika nyumba za Kiislamu za mji wetu kuko singo. Hilo nalo tusilifiche, kwa sababu ndilo silaha kubwa ya wanaotetea pilingi. Uvira ni mji wa zamani wa misafara. Wazungu wa kwanza kutuandika, Burton na Speke, walipofika hapa kwa mitumbwi mnamo Aprili 1858, walikuta wafanyabiashara wa Kiarabu na Waswahili wa Ujiji wameshatangulia. Kituo chao cha mwisho upande wa kaskazini wa ziwa kilikuwa hapa. Na msafara haubebi pembe na shanga tu. Unabeba lugha, sala, mapishi, na namna ya kuoza binti. Katika pwani ya Waswahili bibi-harusi anasingwa: liwa iliyosagwa juu ya jiwe, manjano, karafuu, marashi, vinachanganywa, anapakwa mwili mzima, inakauka kidogo, halafu inasuguliwa kwa kiganja mpaka inatoka na taka zote. Hapo mtetezi wa pilingi anaruka juu: « Si unaona? Kusugua, kutoa ngozi ya juu! Pilingi ni singo ya kisasa. »

Hapana. Na hapa tuombe ruhusa ya kushika chaki.

Ngozi ya mtu ina tabaka. Ile ya juu kabisa, ambayo unaigusa sasa hivi, imekwisha kufa. Ni chembe zilizokauka, zimepangana kama vigae, zinadondoka kila siku bila wewe kujua, na chini yake nyingine zinapanda kuzibadilisha. Safari hiyo inachukua karibu mwezi mmoja. Chini ya hapo ndipo penye chembe hai, na kati yao kuko zile zinazotengeneza melanini, rangi yetu. Melanini si uchafu. Ni mwavuli. Kila chembe inajifunika nayo juu ya moyo wake ili jua lisiuharibu. Mungu hakukosea kuiweka nyingi kwa watu wanaoishi digrii tatu na kitu kusini mwa ikweta.

Liwa na kiganja cha shangazi vinaondoa wafu. Vikifika kwa walio hai, binti analia « unaniumiza », na mkono unasimama. Mkono una masikio. Asidi haina masikio. Ukiiweka, inashuka: kwanza kwa wafu, halafu kwa walio hai, halafu kwa ile ngozi ya ndani yenye mishipa ya damu, na inashuka kwa kadiri ya ukali wake, wingi wake, na muda uliokaa nayo. Ndiyo maana sayansi yenyewe inaiogopa. Wanafunzi wetu wakifikiri kwamba tunachukia mambo ya kisasa, wajue kwamba kuchuna ngozi kwa dawa ni kazi ya kweli ya udaktari, na ya zamani. Daktari Mjerumani wa Hamburg, Paul Gerson Unna, alieleza mwaka 1882 jinsi ya kutumia asidi ya salisili, fenoli na nyinginezo kwa kuchuna ngozi yenye ugonjwa. Mpaka leo madaktari wa ngozi wanafanya: kwa makovu ya chunusi, kwa madoa, kwa ngozi iliyoharibiwa na jua. Lakini angalieni wanavyofanya. Wanapima asidi kwa asilimia, wanahesabu dakika, wanaizima au wanaiosha kwa wakati wake, wanamkataza mgonjwa jua kwa majuma. Fenoli, iliyo kali kuliko zote, inaweza kuvuruga mapigo ya moyo, kwa hiyo hawaitumii bila mashine ya kuangalia moyo. Na kwa mtu mweusi wanaongeza tahadhari, kwa sababu ngozi yetu ikijeruhiwa inajibu kwa mambo mawili: kutengeneza melanini nyingi kupita kawaida, au kutengeneza kovu linalovimba.

Mtu akienda kwa daktari wa namna hiyo kwa sababu ya kovu, hatuna neno naye. Neno letu ni kwa kichupa cha njano. Kina asidi gani? Asilimia ngapi? Kimechanganywa na nini? Mama muuzaji hajui, mnunuzi hajui, na karatasi, kama ipo, haisemi kweli. Mara nyingi asidi haiko peke yake. Inafungua mlango, na nyuma yake wanaingia watatu: haidrokwinoni, kotizoni, na zebaki.

Hao watatu kila mmoja ana historia yake, na tunapenda wasomaji wa kijitabu hiki waijue, kwa sababu ni historia yetu pia.

Mwaka 1939, kule Marekani, madaktari waliandika habari ya wafanyakazi weusi wa kiwanda kimoja cha kutengeneza ngozi za wanyama. Mikono yao ilikuwa imetoka mabaka meupe. Walipochunguza wakaona sababu ni glavu za mpira walizopewa: katika mpira huo mlikuwa na kemikali, jamaa ya karibu ya haidrokwinoni, ya kuzuia mpira usizeeke. Kwa wafanyakazi ilikuwa ajali ya kazini, maradhi ya kudai fidia. Lakini haikupita miaka mingi, watu wa biashara wakaichukua ajali ile ile wakaitia katika tyubu wakaiuza kama urembo. Tafakarini hilo. Haidrokwinoni yenyewe ni dawa ambayo wapiga picha wa zamani waliitumia kutoa picha nyeusi na nyeupe katika chumba cha giza. Ni dawa nzuri kwa karatasi. Kwa ngozi, ukiitumia miaka na jua likipiga, inakuja kugeuka: mashavu yanapata weusi wa bluu, wenye vipele kama mbegu za ulezi, ambao hautoki tena. Findlay, daktari wa Pretoria, aliuandika ugonjwa huo mwaka 1975. Yaani aliyekimbia weusi wake wa kuzaliwa anapewa weusi mwingine, wa kununua.

Zebaki tunaijua pia. Wachimba dhahabu popote wanajua kazi yake ya kushika unga wa dhahabu. Mwaka 1972 madaktari wa Nairobi walichapisha habari ya wagonjwa waliovimba mwili kwa ugonjwa wa mafigo. Walipowauliza maisha yao, zaidi ya nusu walikuwa wanatumia krimu za kung'arisha ngozi zenye zebaki. Mafigo! Mtu alipaka shavu, ikaharibika figo. Ndiyo maana tunawaambia wanafunzi kwamba ngozi si ukuta, ni mlango wenye pazia. Na kotizoni, hiyo ndiyo inayodanganya kuliko zote, kwa kuwa mwanzoni inafanya uso uwe laini kweli. Baadaye ngozi inakuwa nyembamba kama karatasi ya sigara, michirizi inatokea mapajani na tumboni, kidonda hakifungi. Binti akifika siku ya kuzaa akahitaji kupasuliwa, daktari anashona ngozi ambayo haishiki uzi vizuri. Hapo ndipo mama mkwe aliyemsifia weupe anaitwa kutafuta damu.

Nchi nyingine zimekwisha kuamka. Afrika ya Kusini ilipiga marufuku haidrokwinoni katika vipodozi mwaka 1990, ya kwanza kabisa duniani. Ulaya iliiondoa katika krimu za kung'arisha mwaka 2001. Majirani zetu wa Rwanda, mwishoni mwa 2018, walituma polisi na watu wa afya kupita madukani wakikusanya makopo. Na mkataba wa Minamata juu ya zebaki, uliopitishwa Japani Oktoba 2013, ulisema kwamba baada ya mwaka 2020 vipodozi vyenye zebaki zaidi ya sehemu moja kwa milioni visitengenezwe, visiingizwe wala visiuzwe nje ya nchi. Ni vizuri. Lakini bidhaa ikifukuzwa Kigali na Johannesburg haifi. Inatafuta bandari isiyouliza maswali. Sisi tunaokaa kati ya mpaka wa Kavimvira na bandari ya Kalundu tunajua ni vitu vingapi vimepita hapo kwa miaka mingi chini ya magunia ya kitu kingine. Leta yetu haina mizani ya kupima zebaki katika sabuni; mara nyingi haina hata kalamu.

Wauzaji hatutaki kuwapiga mawe. Wengi ni wajane na wakimbizi wa vita, wanalisha watoto kwa faida ya makopo matano kwa siku. Tukiwaletea kitu kingine cha kuuza wataacha. Wanunuzi wakikosekana wataacha upesi zaidi.

Turudi kwa mzee. Alisema nyeupe ni mila. Sisi tunasema katika Kongo hii weupe uko kweli katika mila, lakini mzee amesahau mahali pake. Kuko udongo mweupe, ule tunaouita pembe. Makabila mengi ya nchi hii yanaupaka mwilini: siku za matanga, siku za tohara, siku za mganga, siku za kutoka katika ugonjwa mkubwa. Weupe ule ni rangi ya mizimu na ya walio njiani. Aliyepakwa si mtu wa kawaida kwa siku zile. Na ibada ikiisha wanampeleka mtoni, wanamwosha, anarudi na ngozi yake, mama yake anamtambua. Hakuna babu aliyefundisha kwamba mtu akae ndani ya pembe maisha yake yote. Pilingi imechukua rangi ya mizimu ikafanya iwe rangi ya kila siku, na mto wa kuoshea haiujui.

Basi kama haikutoka kwa bibi, imetoka wapi? Hapa ndipo tunapofika mahali pagumu, na tungeweza kuishia hapo juu tukapigiwa makofi nasi. Ni rahisi kusema imetoka kwa wakoloni, imetoka kwa Ambi, ile pomada ambayo wazee wetu wanaikumbuka kutoka matangazo ya miaka ya 1960 na 1970, mpaka jina lake likawa tusi. Ni kweli, imetoka huko. Lakini mkoloni aliondoka mwaka 1960. Nani amekuwa akiimwagilia maji tangu siku hiyo?

Tutasimulia jambo moja. Miaka michache iliyopita, katika shule moja tuliyofundisha, kulikuwa na binti wa mwaka wa sita, finalisti, mwenye akili ya hesabu kuliko wavulana wote. Miezi miwili kabla ya Mtihani wa Serikali alianza kuja amejifunga kitambaa usoni, joto lile la mchana, na kukaa nyuma. Halafu akaacha kuja. Tulikwenda kwao, karibu na ziwa. Mama yake ni muuza ndagala. Binti alikuwa ndani, giza, na uso wake tuliuona kwa taa ya simu: mashavu mabichi, yanatoa maji, nzi wanamsumbua. Alikuwa amepaka pilingi ya kuchanganywa usiku nne, na siku ya tano mama alikuwa mgonjwa, ikabidi akaanike ndagala ufukweni tangu asubuhi mpaka saa tisa. Ngozi isiyo na mwavuli, jua, na maji yanayorudisha jua usoni. Hatuna haja ya kueleza zaidi.

Tulimwuliza, kwa ukali kidogo, namna waalimu wanavyouliza: nani alikudanganya? Akanyamaza. Mama yake akamwambia asiogope, amjibu mwalimu. Akasema: « Mwalimu, si ni weye mwenyewe ulisema? »

Tulikuwa tumesahau. Yeye hakusahau. Mwaka uliotangulia, katika somo la urithi, tulitaka mfano wa jinsi rangi ya ngozi inavyotoka kwa wazazi. Tukamsimamisha mwenzake mmoja aliyezaliwa mweupe, tukamsimamisha na yeye, kando kwa kando. Na kwa kuchekesha darasa tukasema huyu wa kwanza baba yake asiwe na wasiwasi, ng'ombe wataingia bila kubisha hodi. Huyu wa pili yeye asome sana. Darasa likacheka, na sisi tukacheka, tukaendelea na Mendel.

Vidonda vilipona. Lakini ngozi iliyojeruhiwa ilifanya ile kazi tuliyoieleza hapo juu: ilijaza melanini palipoungua. Akabaki na mabaka mawili meusi kama mtu aliyepakwa masizi. Mtihani aliufanya mwaka uliofuata, akapata. Hatutasema yuko wapi sasa, ni mtu wa watu.

Kwa hiyo tunaposema « nani », tunajua jibu, nasi tumo ndani yake. Ni mwalimu anayeita « kamweupe kale » badala ya jina. Ni shangazi anayeshika mtoto mchanga na kitu cha kwanza anachoangalia ni masikio, kuona kama atakuwa mweusi. Ni kiongozi wa kwaya anayepanga waimbaji weupe mbele siku ya kupiga video. Ni kijana aliyesoma mpaka chuo kikuu, anayeongea juu ya Lumumba usiku kucha, na akitafuta mchumba anasema anataka « brown ». Ni wale wazee wa ukoo ambao siku ya kupanga mali wanasema wazi, mbele ya binti mwenyewe, « huyu ni mweupe, muongeze ». Tumekaa katika vikao vya namna hiyo. Tumekula nyama yake. Kikopo cha pilingi ni dola chache. Mtu anayeona kwamba kikopo kile kitaongeza ng'ombe mmoja, amefanya hesabu vizuri. Kosa liko katika hesabu tuliyomwandikia ubaoni.

Wako wasomi watakaotuambia: mwili ni wake, pesa ni yake, mnamwingilia kwa nini? Ni swali la haki na hatulikimbii. Mwanamke wa mji huu anaamriwa vya kutosha. Enzi ya Mobutu walimwamuru asivae suruali, avae pagne, kwa jina la ukweli wa mila, na wakati ule ule hapakuwa na mtu aliyeamuru wanaume waache kuchagua kwa rangi. Hatutaki kurudia hayo. Ndiyo maana katika maandishi haya hamtaona mahali tunaposema binti aliyejichuna afukuzwe shule au kwaya, kama wengine walivyopendekeza katika kikao. Kumfukuza ni kumwunguza mara ya pili. Lakini uhuru ni nini, kama mlango ni mmoja tu na juu yake imeandikwa « weupe »? Siku ambayo binti mweusi atapata posa ile ile, kiti kile kile katika kwaya, tabasamu lile lile la mwalimu, halafu yeye bado anataka kujichuna, siku hiyo tutamwacha na mwili wake, tutamwonyesha tu njia ya kwa daktari.

Na mzee wetu, kama anataka kweli kutetea mila, tunamwomba jambo dogo. Katika kikao kijacho atueleze bibi-harusi wa zamani alikuwa anafungiwa muda gani, alikuwa analishwa nini, na ni nani aliyemtolea kazi zake wakati ule. Hilo ndilo lililokuwa zito katika mila ile: familia nzima ilimbebea binti ndoo na jembe ili apumzike kabla ya maisha magumu. Siku hizi tunamtuma sokoni mpaka jana yake ya harusi, halafu tunataka kichupa kimpe usiku saba kile ambacho sisi hatukumpa kwa majuma. Mawese bado yako. Sokoni chupa ya mawese ni rahisi kuliko pilingi.

Nyumbani kwetu vita hii haijaisha. Mwezi wa nane tunaoza binti wa kaka yetu, na kamati ya harusi imekwisha kuandika orodha: gauni, gari, keki, mpiga picha, viti. Katika mstari wa tisa waliandika « maandalizi ya uso, dola 40 ». Tuliukata kwa kalamu nyekundu. Juma lililofuata tukaukuta umerudi, kwa mwandiko wa shangazi yake, na jina limebadilika: « mila ». Tukaukata tena. Binti mwenyewe alikuwa amekaa pembeni anachambua mchele, hajaulizwa na mtu, sisi wenyewe hatukuwa tumemwuliza. Jumapili iliyopita tukamwuliza. Akasema kama zile dola ni zake kweli, angependa wamnunulie vitanda viwili vya chandarua, maana kule anakoolewa mbu ni wengi, na zinazobaki akae siku kumi bila kuchota maji. Shangazi yake akasema siku kumi ni nyingi. Wamefika siku sita, na bado wanabishana.